Vyumba vya Makambako

Nilipoitwa kusailiwa kazi ya nesi mkuu wa zahanati mpya ya Makambako, wa kwanza kufurahi alikuwa nesi mwenzangu wa wodini, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Cheo cha kuongoza manesi na madresa, wale wafunga vidonda, Mwafrika alikipata kwa nadra, seuze mwanamke, nami nilikitaka hadi chakula kikawa hakipiti.

Mwenzangu alikuwa Mkinga wa milima ya Makete, mimi Mbena wa hapa hapa Njombe. Tulitaniana kila siku. Mimi nilisema Mkinga hatoi kiazi bila kukipima kwanza. Yeye alisema Wabena tunajua kuimba kanisani tu. Sasa huyu asiyetoa kiazi akajitolea kunifundisha majibu, bure!

Kila mchana, tukishachemsha sindano, tulikaa nyuma ya jiko penye jua. Yeye alijifanya Bwana Daktari, Mzungu atakayenisaili, sauti ikitokea puani. "Wewe! Mgonjwa anatapika damu. Wafanya nini?" Nilicheka, lakini nilimchunguza. Maana kati ya maswali ya daktari alipenyeza yake: nyumba ya nesi kule Makambako ina vyumba vingapi? Maji yako karibu? Ule upepo ni mkali kama wanavyosema?

Mtu asiyeomba kazi anauliza vyumba vya nini? Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni.

Siku ya mwisho akanishika mkono. "Dada, akikuuliza usilolijua, sema sijui. Usibahatishe."

Nikaitikia kwa kichwa tu. Sijui! Nani aliwahi kupewa ukubwa kwa kusema hajui? Niliona shimo analonichimbia, tena nikajisifu kwa kuliona mapema.

Kwenye usaili nilijibu vizuri, mpaka Bwana Daktari alipoweka mezani chupa ya dawa ambayo sikuwahi kuiona.

"Mtoto wa mwaka mmoja. Vijiko vingapi?"

Neno "sijui" lilifika ulimini. Nikamkumbuka yule Mkinga, nikalimeza.

"Viwili, bwana."

Hakukasirika. Aliirudisha chupa kabatini, akasema kwa Kiswahili chake cha bomani, "Mtoto amekufa." Kisha akaniambia naweza kwenda.

Mwenzangu alikuwa akinisubiri mlangoni, aproni bado kiunoni.

"Sikutaka kukwambia mapema, dada. Nimemwandikia Bwana Daktari, nimeomba ukipata cheo nihamie Makambako niwe chini yako. Amekubali. Haya, tunahama lini?"

Niliona aibu.

"Hatuhami," nikamwambia, machozi yakanitoka.

Akadhani nimeonewa. Akanikumbatia, akaanza kumtukana Bwana Daktari kwa Kikinga, palepale mlangoni pake, kwa ajili yangu. Nami nikamwacha aendelee.