Mtoto Aliyelelewa na Video

Kabla ya kuolewa, Nthenya alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Kwao Tseikuru aliongea na mbuzi, aliongea na jembe, na akisuka kiondo aliongea na uzi. Shule hakuingia. Mulei alipomchukua na kumpeleka Malili, kando ya barabara ya Mombasa, mdomo huo ndio uliompendeza. Alisema nyumba yake haitapoa.

Baadaye ni Mulei huyohuyo aliyeufunga.

Mulei alikuwa amefanya kazi ya kumsaidia dereva wa lori. Siku moja tajiri alimwuliza jambo kwa Kizungu, naye akajibu kwa Kikamba, na waliokuwapo wakacheka mpaka wakashika magoti. Aibu hiyo haikumtoka. Alipoacha lori alinunua televisheni, video na jenereta, akajenga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba na kupanga mabenchi. Watu wakawa wanalipa kuona sinema za ngumi tangu asubuhi hadi giza. Kivuva, mtoto wao wa pekee, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa.

"Mama Kivuva, kuanzia leo Kikamba kisisikike karibu na huyu mtoto," Mulei akasema. "Kikamba ni kama matope, kikiingia mdomoni hakitoki. Huyu ataongea Kizungu kwanza."

Nthenya akamwuliza, sasa yeye amwambie mtoto nini, maana Kizungu hana na Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi.

"Usimwambie kitu. Mweke mbele ya video. Itamfunza."

Basi akamnyonyesha bila wimbo na kumwogesha kimya kama mtu anayeosha sufuria. Akimaliza alimweka kwenye gunia karibu na kioo cha televisheni. Watoto wa majirani waliburuta magari ya makopo wakitukanana vumbini, wake alikaa. Alichelewa kutembea, na miguu yake ilikuwa myembamba kama fito. Akipelekwa juani alifunika macho. Chakula alikimeza akiwa ametazama kioo, bila kujua mkono unaomlisha ni wa nani. Jenereta ikizimwa, alilia kama mtoto aliyefiwa.

Siku alipotamka Kizungu, Mulei alimbeba mabegani akamzungusha duka hadi duka. Ilikuwa ni sentensi nzima ya sinema, na sauti ilikuwa ileile ya mpiganaji. Mutie, fundi wa magurudumu, alisema, "Mulei, huyu ukimpeleka shule, mwalimu atafutwa kazi." Watu wakacheka, wakamnunulia mtoto mandazi. Lakini Nthenya aliona jambo ambalo hakuwa na wa kumwambia. Mtoto akiwa na njaa alisema maneno yaleyale. Akiwa na usingizi, yaleyale. Na yeye mama hakuitwa kwa jina lolote.

Kivuva alikuwa na miaka mitano alipoanza kupiga kelele akirudia ile sentensi bila kunyamaza. Wateja walishika mbavu, wakamtaka arudie. Mulei akasema mtoto anaigiza. Nthenya alimbeba akamtoa nje, akampapasa tumbo, kifua, meno. Kwa mara ya kwanza akavunja amri, akamnong'oneza kwa Kikamba, akimwuliza anaumwa wapi. Mtoto alimtazama kama mtu anavyotazama mbuzi wa mwingine akipita. Kulipopambazuka, usaha ulikuwa umemwagika kutoka sikioni hadi shingoni.

Muuguzi wa zahanati alimsemesha mtoto kwa Kikamba, kwa Kiswahili, kwa Kizungu. Kila mara alijibiwa kwa sinema. Mwishowe akaweka kalamu chini.

"Mama, huyu nyumbani huongea na nani?"

Nthenya akamgeukia mumewe. Mulei naye alikuwa akiangalia ukuta.

"Kufunza mtoto kuongea ni kazi ya mama," akasema. "Mimi ni mtu wa biashara."

Sikio lilipona nusu. Maneno hayakuja. Ilipofika wakati wa shule, mwalimu alimrudisha, na wale waliokuwa wakinunua mandazi wakaanza kusema kwamba Mulei amezaa mjinga. Ndipo Mulei alipokumbuka ntheo. Kwa Wakamba, mwanamke si mke mpaka mbuzi wa ntheo waingie kwa baba yake, na watoto waliozaliwa kabla ya hapo ni wa upande wa mama. Miaka yote alikuwa ameahidi kuwapeleka.

"Mbuzi sikupeleka," akasema. "Kwa mila, huyo ni mtoto wa kwenu. Mrudishe."

Mtu aliyefukuza Kikamba nyumbani mwake, mila ya Kikamba aliikumbuka siku hiyo.

Nthenya akambeba mtoto, akarudi kwao. Tseikuru hakukuwa na stima wala kioo. Mwanzoni Kivuva alikaa akiutazama ukuta wa udongo, akingoja uwake. Nthenya akafungua mdomo wake tena. Haya ni maji. Huu ni moshi. Huyu ni nyanya yako. Alisema kutwa, mpaka sauti ikakauka. Mama yake, Mumbua, alimsikiliza siku nyingi kabla ya kumwambia, "Mwanangu, mbegu hupandwa mvua ikinyesha. Ukipanda kiangazi, panda tu, lakini usihesabu magunia."

Watoto wa rika lake waliingia shule, wakajifunza kutaniana na kutunga nyimbo. Kivuva alifuata mbuzi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja aliporudi jioni moja akichechemea, mwiba wa mgunga umezama wayoni. Akaketi mbele ya mama yake, akaushika mguu kwa mikono miwili.

"Kuu," akasema. Mguu, kwa Kikamba.

Mumbua akapiga vigelegele. Nthenya aling'oa mwiba, akainama juu ya wayo ule akalia, kwa sababu neno hilo mtoto wa jirani, ambaye bado ananyonya, alikuwa amelisema asubuhi ileile. Kisha akajifuta macho, akagusa goti la mwanawe, akalitaja kwa Kikamba, akangoja alirudie.

Kivuva alikuwa ameshageuka kuangalia mbuzi.