Fundi wa Nguo na Vumbi la Mbao

Nilikuwa na miaka arobaini na moja, sijaoa, na mama alikuwa amechoka kuniuliza. Nilifundisha hesabu katika shule ya kutwa karibu na Roret. Jioni na Jumamosi nilijifungia kwenye stoo ya zamani ya mahindi nyuma ya nyumba, mimi na mashine yangu ya kuchonga mbao.

Mashine yenyewe si kubwa, inakaa juu ya meza. Unachora ua au maandishi kwenye kompyuta, unafunga ubao, na kisu kinachozunguka kinatembea juu ya reli kikichonga mchoro ule ule. Nilichonga sinia na vibao vya milangoni, na mara moja ubao wa namba za nyimbo wa kanisa letu. Mbao zilikuwa za grevilia, ile miti tunayopanda kando ya mashamba ya chai, na vumbi lake ni laini kama unga wa ngano.

Vumbi hilo lilinitesa. Mwisho wa kila reli kuna sensa, kifaa cha kuhisi, mimi huiita jicho. Ina mwanya mdogo ambamo mwanga hupita. Kisu kikifika mwisho, kipande cha bati kinaziba ule mwanga, na mashine inajua isimame. Sasa vumbi likijaa mle, mashine inadhani imefika mwisho wakati iko katikati ya kazi. Nilikuwa nainama, napuliza kwa mdomo, inaenda dakika kumi, inasimama tena. Sinia ya mama iliharibika mara mbili hivyo.

Nikaamua nitafute kifuniko cha kitambaa, kinachokunjika na kukunjuka kisu kinapotembea. Sokoni palikuwa na fundi wa nguo, mwanamke wa umri kama wangu, mwenye kibanda karibu na duka la dawa za mifugo. Wazazi wake walitoka upande wa Kisii kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, yeye akazaliwa huku na kubaki. Nilimwekea mchoro wangu mezani. Aliugeuza juu chini.

"Hii ni nguo ya nani, mwalimu?"

"Ya mashine."

Alidhani namtania. Nilipomweleza habari ya vumbi, aliacha kucheka.

"Na likijaa unafanya nini?"

"Napuliza."

"Kwa mdomo?" Aliinua sahani ya chuma ya cherehani yake na kunionyesha chini yake, palivyo safi. "Hapa nyuzi zinatoa vumbi kila siku. Ukipuliza na mdomo, unaweka mate. Na hii baridi yetu, vumbi linashikana linakuwa ugali. Unatoa na brashi kavu, pole pole."

Nimefundisha miaka mingi, lakini siku hiyo nilisimama pale kama mtoto wa darasa la kwanza. Alinipa brashi yake ndogo niende nayo.

Kifuniko cha kwanza alishona kwa pamba, kimekunjwa kama mvukuto wa mhunzi. Kilikuwa kizuri sana na hakikufanya kazi. Pamba ilishika vumbi, ikawa nzito, ikajikunja kwenye reli. Nilipokirudisha alisema hawezi kushonea mtu ambaye hajampima.

Alikuja Jumapili baada ya kanisa, na kitambaa chake cha kichwa cha bluu, futi ya kupimia shingoni. Mama alikuwa uani akichambua mboga. Fundi akamsalimia kwa lugha yetu, "Chamgei," na mama akaitikia kwa sauti ya furaha ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi. Stooni niliwasha mashine. Alisimama karibu nayo, mikono nyuma, akisikiliza.

"Inalia kama cherehani ikienda mbio," alisema. Halafu akatazama mlango. "Mwalimu, upepo unaingia hapa, unasukuma vumbi lote kwa hayo macho yako. Kwa nini hujageuza meza?"

Tuliigeuza meza pamoja. Kabla ya kuondoka aliuona mwavuli wangu uliovunjika umetundikwa ukutani, akaupapasa. "Hiki ndicho kitambaa. Ni chepesi, kinateleza, vumbi halikai."

Na ni kweli. Kifuniko cha pili, cha kitambaa cha mwavuli, kilikunjika na kukunjuka bila kelele. Sinia ya mama ikamalizika Jumamosi moja bila kusimama hata mara moja. Nikaagiza kingine, na kingine. Kwetu mvua hainyimi mtu mwavuli uliovunjika. Nilikuwa nawaomba walimu wenzangu, naipeleka kibandani miwili miwili. Kila nikienda nilipata sababu ya kukaa. Alikuwa akifanya kazi huku tukiongea, na akicheka aliondoa mguu kwenye cherehani ili asiharibu mshono.

Siku moja alikata uzi kwa meno, akanikabidhi kifuniko kimekunjwa vizuri, lakini hakukiachilia.

"Mwalimu, hiyo mashine ina macho mangapi?"

"Matatu."

"Hiki ni cha tano."

Wateja wawili walikuwa nje wakiangalia sare za shule. Nilisema kwa sauti ya chini, "Sikujua niseme nini kingine nikija."

Alikiachilia kifuniko. Akainamia cherehani, akaingiza uzi kwenye sindano, na mara ya kwanza ukakosa tundu. "Nitafikiria," alisema. "Wewe endelea kuleta miavuli."

Alifikiria karibu miezi miwili. Mimi nilipeleka miavuli. Mama, ambaye niliogopa angeuliza habari za kabila, aliuliza kitu kimoja tu: kama yule fundi anakunywa mursik, maziwa yetu ya mgando ya kwenye kibuyu. Nilisema sijui. "Basi mlete tujue," alisema. Akaletwa, akanywa kikombe kizima, akaomba nusu nyingine. Baadaye aliniambia hiyo nusu ndiyo ilikuwa ngumu.

Tulioana baada ya kuvuna mahindi. Cherehani yake tuliiweka stooni, upande wa dirisha, na hilo lilikuwa kosa langu. Wiki ya pili vumbi la grevilia lilitua kwenye kanzu nyeupe za kwaya alizokuwa amemaliza kupiga pasi. Hakupaza sauti. Alizikunja, akazifua upya zote, na kwa siku mbili alinijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Siku ya tatu nilijenga ukuta wa mbao katikati, nikaziba kila ufa kwa vipande vya mpira. Aliukagua kwa kiganja toka juu hadi chini, halafu akaniambia chai iko tayari.

Sasa siruhusiwi kuvuka kwenda upande wake kabla ya kukung'uta nguo uani. Nikishajikung'uta anakuja mlangoni kunikagua. Daima kuna vumbi ninaloliacha kwenye nyusi, na hilo hulitoa mwenyewe kwa kidole gumba, polepole, unyusi wa kushoto kwanza, huku mama akijifanya haoni.