Kuku zangu zilikula hamira ya mikate, Kasongo wakasema zinakunywa lotoko

Wakuu, salamu kutoka Kasongo, Maniema. Kiswahili changu ni cha Congo, mutanivumilia. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na nikiongeza chumvi hata punje moja, kuku zangu zinishitaki.

Niseme mapema pia: niko na hasira. Kawaida mimi ni mutu wa kucheka.

Ninafuga kuku za nyama, zile nyeupe, huku tunaziita kuku za chair. Masomo niliachia njiani, lakini ndoto sikuachia. Ninataka siku moja kuku ya arusi ya Kasongo itoke Kasongo, si ile ya barafu ya ndani ya frigo, iliyotoka mbali.

Vifaranga vinatoka Bukavu, vingine vinamalizia safari juu ya moto, yaani pikipiki. Vikifika vimechoka, vinaharisha. Zamani nilikuwa ninanunua tetra, ile antibiotiki, kwa muuza dawa mumoja wa sokoni, ninatia mu maji kila wiki. Roho haikupenda. Mutu anakula kuku, anakula na dawa.

Sasa, ninakaa kwa shangazi yangu, shangazi Zaina. Kazi yake ni kukaanga mikate ya asubuhi, ile midogo ya mviringo, avenue nzima, mutaa wetu wote, inakunywa nayo chai. Siku moja nikasoma humu humu jukwaani mutu akisema hamira inasaidia tumbo la kuku. Hamira sisi tunaita levure. Nikageuka, nikaangalia kopo ya shangazi iko pale juu ya meza.

Nikaanza kidogo. Kijiko cha levure, maji ya vuguvugu, sukari kidogo, nachanganya na pumba ya mahindi na soya ya kusaga ndani ya pipa. Nafunika bila kukaza. Kesho yake zinakula.

Kuharisha kukapungua. Harufu ya banda ikapungua mpaka jirani akanishukuru. Kuku zikashika mwili. Sisemi levure ni muujiza, kufagia nilikuwa ninafagia. Lakini tetra sikununua tena, na muuza dawa aliliona hilo. Naye anafuga, mujue.

Ndipo akaja Mzee Saleh, mwenye duka ya vitambaa karibu na muskiti. Alikuwa anaoza binti yake. Akashika kuku moja, akaipima kwa mukono, akasema, "Mwanangu, hizi zote ni zangu. Usimupe mutu."

Wakuu, kuku makumi ine. Arusi nzima. Kama watu wa arusi ile wangekula na kulamba vidole, jina langu lilikuwa limesimama Kasongo. Nilitembea ninaimba.

Hapa kosa ni langu, sifichi.

Mahindi iliisha, nikaenda Wamaza kutafuta. Shangazi nilimuachia chakula kikavu cha kuzipa. Lakini pipa ya levure niliisahau, tena siku ile nilikaza kifuniko sababu ya panya. Mvua ikaharibu njia, nikakaa kule siku tano. Kurudi, kufungua pipa, povu likanirukia usoni. Harufu ni lotoko kabisa, ile pombe kali ya mahindi.

Mutu mwenye akili angemwaga. Mimi niko na huruma mpaka kwa pumba. Niliwaza mama wa Wamaza aliyelima yale mahindi na mutoto mugongoni. Nikasema jua litaondoa harufu. Nikatandaza juu ya bashi, lile turubai, pembeni ya njia.

Ilikuwa Ijumaa. Njia yenyewe ndiyo ya kwenda muskitini.

Waumini wote walipita pale na pua zao.

Kabla ya alasiri nilizoa yote nikafukia shimoni. Hakuna kuku iliyoonja. Na hakuna mutu aliyeuliza. Hata mumoja. Walienda kuuliza sokoni, na kule muuza dawa alikuwa na jibu: "Ndiyo maana zinanenepa. Zinalewa, zinalala, zinaamka zinakunywa tena. Muislamu atakula hiyo?"

Kijana mumoja wa moto akanisimamisha njiani. "Kaka, kuku zako zimeamka, ao kichwa bado kinaziuma?"

Nilicheka. Ni kweli ilichekesha.

Kesho yake mikate ya shangazi ilirudi sahani imejaa. Siku ya pili vilevile. Eti nyumba ile iko na pombe. Shangazi ni mujane, saa tano zote za swala hazimupiti, pombe haijui hata rangi. Nilimukuta amekaa mbele ya sahani anafukuza nzi, kanga mpya amevaa. Hapo kicheko kiliisha.

Siku ya tatu Mzee Saleh akatuma neno: kuku hachukui tena. Nikaenda kwake, shangazi akanifuata, sikumuita.

Nikaeleza yote. Pipa, Wamaza, mvua, bashi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Ninakuamini, mwanangu. Wewe hukukosa. Lakini watu hawatakula."

Shangazi akauliza, "Mzee Saleh, mikate uliyokunywa nayo chai miaka yote hii, nani aliipandisha? Malaika?"

Mzee akacheka mpaka akafuta macho. "Zaina, nimekusikia. Lakini arusi si ya kinywa changu peke yake."

Wakuu, hii ndiyo inaniuma mpaka leo. Angeniita muongo ningevumilia. Aliniamini, halafu akanunua kwa muuza dawa, ambaye kuku zake zinakunywa tetra mpaka asubuhi ya kuchinjwa. Hiyo hakuna pua inayoisikia.

Nilipakia kuku zangu kwenye moto mbili mpaka Salamabila, kwa wachimba dhahabu. Sita zilikufa kwa jua njiani. Nilizizika, nisichekwe.

Kule mama mumoja wa restora akachinjisha moja, akapasua, akaangalia maini. "Hii safi. Unazipa nini?"

Ulimi ulitaka kusema mahindi tu.

"Levure, mama. Ile ya mikate."

"Aah. Na mimi ninapandisha mikate." Akageukia ingine. Akachukua zote zilizobaki, wala hakuniuliza dini ya kuku.

Nikarudi. Watoto wa avenue walikuwa wamelilia mikate, mama zao wakarudi kwa shangazi na sahani mukononi. Hakuna aliyesema pole. Shangazi aliwauzia wote na salamu juu. Mimi ningewakumbusha kwanza maneno waliyosema.

Juzi sasa, mwaka karibu umepita, Mzee Saleh ametuma neno tena, kwa simu. Binti amezaa, anataka kuku ishirini za kulisha wageni. Lakini, anasema, "bila levure".

Shangazi akaniambia, "Sema ndiyo, wewe mutoto. Atajua wapi?"

Nilikaa na ile simu mukononi. Ningesema ndiyo, kuku zangu zingeliwa Kasongo, katika nyumba ileile. Lakini zingeliwa kwa jina la uongo, na ingekuwa kama ule muuza dawa wa sokoni alisema kweli, levure ni ya kuficha.

Nikamuandikia: "Mzee, hongera ya mujukuu. Kuku ziko, na zinakula levure. Karibu uje uone pipa, uonje na kidole chako."

Amesoma. Hajajibu.

Fundisho nililopata: levure ni nzuri, lakini pipa usikaze, na ikichachuka mwaga siku ileile, huruma ya pumba itakuponza. La pili, ukibadilisha chakula cha kuku, waite watu waone mapema, kabla harufu haijawaelezea.

Wenye uzoefu, kwa joto kama hili letu munaacha pipa masaa mangapi? Na wenye hekima, mungemujibu Mzee Saleh namna gani? Semeni, hata wa kunipinga. Nitasoma wote.