Friji ya Soda ya Katelembo

Mambo yote yalitugharimu fahali mmoja wa kulimia, muhula mzima wa darasa la sita, na imani ya mama yangu kwa kitu chochote kinachochomekwa ukutani. Nimehesabu mara mbili, kama nilivyozoea, na jibu ni lile lile. Lakini nikiukumbuka msimu ule, kinachonijia kwanza si hasara, ni mngurumo. Friji ya Mutiso ilinguruma kama paka mzee aliyeshiba, ikanyamaza, halafu ikaanza tena kwa kishindo kilichogonganisha chupa. Duka lake lilinuka mafuta ya taa, mkate wa jana na vumbi lililopata moto nyuma ya televisheni. Ndani ya friji hiyo, kati ya soda ya machungwa na soda nyeusi, ndimo yalimokaa maisha yangu, katika kichupa kisichozidi kidole gumba cha baba.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipopatikana na kisukari, kile cha watoto, kisichongoja mtu azeeke. Muuguzi wa kliniki, mama mmoja mnene asiye na haraka tuliyemwita Sista, alimweleza mama kwamba insulini ni dawa yenye madeko: joto huiharibu. Kwa kuwa nyumbani hatukuwa na umeme, alimwambia atafute mtungi, atie mchanga, aulowanishe kila siku, na kichupa akifungie kwenye mkebe ndani ya mchanga huo, kwenye kona yenye giza. Mama alisikiliza huku amekaza midomo. Sisi tulikuwa watu wa kuheshimika: baba alikuwa na jozi ya mafahali, na mama aliongoza sauti ya pili kwenye kwaya. Tukiwa njiani kurudi ndipo alipofungua kinywa. "Dawa ya hospitali kwa mtungi? Mtungi ni wa maji. Huyo ameangalia viatu vyangu akaona mimi ni mtu wa pangoni."

Kijiji chetu cha Katelembo kizima kilikuwa na friji moja ya maana. Mutiso alikuwa amefanya kazi kiwandani Athi River mpaka kiwanda kikapunguza watu, na malipo yake ya kuachishwa yalirudi nyumbani yakiwa na umbo la friji, televisheni, na mashine ya michezo yenye vishikio viwili vya kubonyeza. Watoto walimlipa ili wacheze. Mama alipomwomba nafasi, alijibu kwamba kila chupa ya soda inayokaa nje ni mteja aliyekwenda kwa jirani. Mama akataja mayai. Mutiso akasema anafuga kuku wake. Nikaona wanazunguka. Nikamwambia wavulana wakubwa wanamwibia muda wa kucheza, na kwamba mimi nimefundishwa kuhesabu dakika kati ya sindano na chakula, kwa hiyo nitamshikia saa kila jioni. Nikataka nafasi ya chupa tatu, ili nipewe mbili.

"Wewe ni mgonjwa ama ni wakili?" akaniuliza.

"Niko na saa," nikamwambia, "na sina marafiki hapa wa kupendelea."

Nikapewa mbili. Kuanzia siku hiyo mama alipata wimbo mpya. Ukimuuliza habari ya mvua, atakwambia mvua imekataa, lakini dawa ya Mwende iko kwa friji.

Sikukaa muda mrefu bila marafiki. Mchezo wetu ulikuwa wa askari mdogo aliyeruka mashimo, akipewa maisha matatu; yakiisha, unalipa tena na anarudi msafi, hana hata kovu. Nilimwonea wivu sana. Nilidungwa sindano nyuma ya pazia la duka, asubuhi na mama na jioni kwa mkono wangu mwenyewe, na wenzangu wakaniita Daktari miaka mingi kabla chuo hakijafikiria kufanya hivyo. Walitaka kujua kama sindano inashinda kiboko. Nikawaambia kiboko kinauma zaidi, ila kina likizo. Ni wao pia waliogundua kitu ambacho kliniki haikuwa nacho. Sukari yangu ikishuka, nilianza kutumbukia kwenye mashimo ya mwanzo, yale hata mtoto wa chekechea anaruka. Kioko, mwana wa fundi cherehani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. "Daktari ameanguka shimo la kwanza mara mbili," alisema bila kuondoa macho kwenye kioo. "Mpeni sukari kabla hajaanguka mwenyewe." Wakanipa, na ndani ya dakika chache askari akaruka tena. Mpaka leo sijatumia kipimo kilichonijua vizuri kuliko wale watoto wenye kelele.

Kisha jua likawaka. Mbaazi zilikauka zikiwa na maua, na vumbi la barabara likaingia mpaka kwenye chumvi. Mutiso, kwa huruma yake, aliona kwamba kama joto ni adui wa dawa ya mtoto, basi baridi haiwezi kuzidi. Akapandisha baridi ya friji mpaka mwisho, akakitoa kichupa kati ya soda, akakiweka juu kabisa, kwenye kisanduku cha barafu. Alimwita mama aje aone. "Nimeiweka pale baridi inazaliwa," alimwambia. Mama alimshukuru kwa Kiswahili na kwa Kikamba. Kila asubuhi wakawa wanakitoa kichupa kikiwa kigumu kama jiwe, wanakipasha moto kwapani, na mama anakiviringisha viganjani. Dawa yenyewe ilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Sasa ilikuwa na vipande vinavyoganda kwenye kioo. Mama aliviona, akadhani ni barafu iliyobaki, akazidi kuviringisha.

Nikaanza kushikwa na kiu. Nilikunywa maji ya kunywa, maji ya kuoshea vyombo, na siku moja nilikutwa nikiangalia kwa tamaa ndoo ya ng'ombe. Sisimizi walijipanga mstari kuelekea nilipokojoa. Nguo zikanining'inia. Mama alijua maana ya sisimizi, kwa kuwa Sista alikuwa amemwambia: ni sukari nyingi. Na sukari nyingi ilikuwa inauzwa wapi Katelembo? Kwa Mutiso, palipo na soda, biskuti na kundi la watoto wanaoonjeshana kila kitu. Nililia kwamba sijaonja hata kizibo. Baba alisema mtoto anayeshinda mbele ya mashine hawezi kuwa na ukweli mwingi. Nikapigwa marufuku kucheza. Mama akawa anakwenda dukani kunichukulia sindano asubuhi na jioni, akipita katikati ya wenzangu bila kuwasalimia. Kwa hiyo wale waliokuwa wakinisoma nikiharibika waliondolewa, na kile kilichokuwa kikiniharibu kilibaki kule juu ndani ya friji, kwenye heshima zake zote.

Jumapili moja sikuamka vizuri. Nilikuwa nahema kama mtu aliyepanda mlima, na baba anasema pumzi yangu ilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Walinipeleka hospitali nyuma ya pikapu ya jirani, kichwa changu mapajani mwa mama, kichupa kwenye mkoba wake. Ya njiani siyakumbuki. Nakumbuka nikizinduka na mpira wa dripu mkononi, na Sista amesimama dirishani, amekiinua kichupa kwenye mwanga. Vile vipande vilikuwa vimeshika kioo kama uji uliokosewa.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Kwa friji," mama alisema haraka. "Haijawahi kutoka kwa friji. Hata tuliweka pale juu, kwa barafu."

Sista alikishusha kichupa polepole. "Mama Mwende, joto linaiharibu na barafu inaiua. Siku zote hizi umekuwa ukimdunga mtoto maji."

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda changu, akanivuta soksi ikae sawa, ingawa ilikuwa imekaa sawa. Mutiso alikuja siku iliyofuata, macho mekundu, mabegani amebeba pole yake: kreti nzima ya soda. Alipoona tunavyomwangalia ndipo naye akaiangalia. Mama alicheka mpaka akalia, au alianza kwa kulia, sijawahi kuamua.

Fahali aliuzwa kulipia kitanda. Ambaye hajawahi kulima kwa mafahali anaweza kudhani tulibaki na nusu ya nguvu. Tulibaki na mnyama mmoja asiyeweza kuvuta jembe la wawili, na mvua iliponyesha tulipanda kwa mikono, kidogo na kwa kuchelewa. Mtungi ukaingia kona ya jikoni. Usiache mbachao kwa msala upitao, watu wa pwani husema. Sisi tuliuacha kwa friji ya jirani. Kichupa kilikaa mchangani mpaka nikamaliza sekondari, na mama hakuwahi kukitaja mbele ya wageni.

Sasa nasomea udaktari, mwaka wa nne, na bado najidunga. Nina mashine inayopima sukari kwa tone moja la damu, na simu inayonikumbusha saa ya dawa. Tuna vitu vizuri. Ila wiki iliyopita kliniki nilimkuta mama mmoja na binti yake wa miaka tisa, wametoka Ndithini, hawana umeme. Nilimweleza habari ya mtungi kwa heshima niliyoweza. Akakaza midomo, akaviangalia viatu vyake, kisha vyangu. Akaniambia nisijali, kuna kijana wa michezo ya video hapo sokoni ana friji kubwa, wameshaelewana. Nilimwonya kuhusu barafu mara mbili. Aliitikia mara mbili, kwa adabu, kama mama yangu alivyomsikiliza Sista. Nilitamani kumsimulia yote haya, lakini foleni ilikuwa ndefu na binti alikuwa anamvuta.

Atarudi kliniki mwezi ujao. Nilimpigia mama yangu simu kumuuliza yeye angeambiwa nini siku ile ili akubali mtungi. Akaniuliza kama nimekula. Basi nawauliza ninyi mnaosoma, hasa mliowahi kuwa na viatu vya namna hiyo: nimwambieje, ili asikie mtungi, asisikie umaskini?