Kwato za Fahali

Nikisikia harufu ya dawa ya viatu kwa fundi pale Mwembesongo, namwona baba amepiga magoti mbele ya fahali wa shamba la serikali. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa shamba hilo. Asubuhi ya maonyesho ya wakulima alizichonga kwato kwa tupa, akazisugua kwa gunzi, kisha akaniomba kopo langu la dawa ya viatu vya shule.

"Leo anakuja anayelinunua shamba, mwanangu."

Fahali akapewa utepe wa ushindi. Mnunuzi akainama, akazitazama kwato, akaridhika.

"Ng'ombe nawachukua wote."

"Na sisi wachungaji, mzee?"

"Nyie hapana. Nina watu wangu."

"Sawa, mzee," baba akasema. Akatoa kitambaa, akaifuta kwato moja iliyoingia vumbi.