Nilimwambia Mama Mdogo: Mashine Ikisema Hayupo, Hayupo

Admin, shikamoo kama umenizidi. Nifichie jina, nakuomba sana, maana Ifakara tunajuana. Mimi ni kijana wa miaka 28, sijaoa. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, nikalelewa na mdogo wake. Huyo mama mdogo ni nesi kwenye zahanati moja ya binafsi, na ndiye aliyenipigania nikapata kazi hapohapo, kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta.

Nilipoingia, kompyuta ile ilikuwa inatia aibu. Ukitafuta mgonjwa inasoma kumbukumbu moja baada ya nyingine tangu ya kwanza, na wagonjwa ni maelfu. Watoto wanachemka homa benchini, sisi tunakodolea macho kioo. Nikakaa siku kadhaa nikatengeneza kitu tunachoita faharasa ya hashi. Nieleze kidogo ili mlione kosa langu. Jina la mgonjwa na kijiji chake vinapigwa hesabu, inatoka namba, na namba hiyo ni kama droo. Ukimtafuta tena, mashine inapiga hesabu ileile na kwenda kwenye droo hiyo tu. Kufumba na kufumbua, umempata. Lakini ukibadilisha jina au kijiji, inatoka namba nyingine kabisa, na mashine inakwenda droo nyingine. Isipomkuta huko inaandika "mgonjwa mpya", basi, haihangaiki kuangalia kwingine.

Jamani, nilisifiwa! Mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati yetu, alinipa mkono mbele ya wafanyakazi wote, nikavimba kichwa. Siku moja mama mdogo akaniuliza, "Mwanangu, mbona wengine wanasema waliwahi kutibiwa hapa, na kompyuta inawakataa?" Nikamcheka. Nikamwambia, "Mama mdogo, watu wanasahau walitibiwa wapi. Mashine ikisema hayupo, hayupo."

Mjinga mimi! Nimezaliwa bonde hilihili. Kila msimu wa mpunga nusu ya mtaa wetu inafunga nyumba na kuhamia mashambani, Namawala na kwingineko, watu wanakaa kwenye vibanda mpaka wavune. Ukimuuliza mtu wakati huo anatoka wapi, anakutajia shambani kwake. Mtu yuleyule, kiangazi ni wa Ifakara, masika ni wa Namawala. Mimi mwenyewe utotoni nimelala kwenye vibanda hivyo na huyohuyo mama mdogo, halafu nikaenda kuweka kijiji kwenye hesabu!

Wiki tatu zilizopita alikuja dada mmoja mjamzito kutoka shambani, ndiyo kwanza anaanza kliniki. Akamwambia mama mdogo, "Nesi, kuna dawa iliwahi kunikataa, mkanilaza hapahapa, ila jina lake silijui." Mama mdogo akaandika jina lake na Namawala, kama alivyotajiwa. Mgonjwa mpya. Akarudia. Mgonjwa mpya. Akayakumbuka maneno yangu. Akampa vidonge vya kuzuia malaria wanavyopewa wajawazito, vile vya salfa.

Siku chache baadaye yule dada aliletwa mdomo umejaa vidonda, ngozi inababuka. Alikimbizwa hospitali kubwa, na mpaka leo amelazwa. Mtoto bado anacheza tumboni, Mungu amsaidie. Siku ile alipoletwa, mume wake aliulizwa pale zahanati wanakaa wapi, akasema Ifakara. Mganga mfawidhi akaandika Ifakara, na kumbukumbu ikafunguka hapohapo: asipewe salfa, kwa herufi nyekundu. Akamgeukia mama mdogo. "Hukutafuta."

"Nilitafuta, daktari. Mara mbili."

Nani wa kumsikiliza? Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilishaelewa kila kitu. Nikarudi kwenye meza yangu. Mchana huohuo nikaketi nikatoa kijiji kwenye hesabu, sasa ukiandika jina tu wanatokea wote wenye jina hilo unachagua. Nilijiambia nazuia asiumie mwingine, na ni kweli. Lakini nilifuta pia ushahidi pekee aliokuwa nao mama mdogo, kwamba ukiandika Namawala mashine inakataa, na nilijua ninachofanya.

Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Wewe ndiye unayeijua ile mashine. Niambie ukweli, nilikosea?"

Nikamjibu, "Labda ulichanganya, Mama mdogo. Ulikuwa umechoka."

Akaitazama mikono yake. Akasema, "Basi nitakuwa nimechanganya."

Aliniamini! Kila siku anampelekea yule dada uji, mume anamfukuza, na kesho yake anaupika tena. Ijumaa anaitwa kwenye kikao cha nidhamu, na wanasema huenda akanyang'anywa leseni. Miaka yote ile ya kuzalisha watu, iishie hivyo? Nikisema, kazi sina, labda na polisi wanangoja, na yeye atajua kwamba mtoto aliyemlea alimtazama usoni akamdanganya. Hilo la mwisho ndilo linaloniua.

Leo asubuhi amenipa karatasi aliyoiandika kwa mkono, nimchapie barua ya kupeleka kikaoni. Imeanza hivi: "Nakiri kwamba sikutafuta vizuri kumbukumbu za mgonjwa." Nimekaa mbele ya kompyuta ileile na sijachapa hata neno. Ndugu zangu, nipeni akili kabla ya Ijumaa, mimi nimeishiwa. Nifanye nini? Ameshachungulia hapa mlangoni mara mbili kuniuliza kama nimemaliza.