Feni ya Kabati la Moshi

"Huu moshi ukishavutwa, unakwenda wapi?"

Aliyeniuliza alikuwa mama mmoja wa Ilembula, fundi sanifu wa maabara ya utafiti wa udongo pale Njombe, nilikopata kazi ya mkataba baada ya chuo. Yeye alichemsha sampuli za udongo wa mashamba ya viazi ndani ya asidi, mimi niliandika majibu. Alikuwa anakohoa. Alishapimwa kifua kikuu mara mbili, akaambiwa hana. Mtuhumiwa aliyebaki ni maabara, na yeye alijua.

Usalama wetu ulikuwa wa kuonyesha wageni. Miwani ya kinga ilifungiwa kabatini isije ikakwaruzika kabla wakaguzi hawajaiona. Bango la Kiingereza lilielekeza kwenye bafu la dharura, ambamo tulihifadhi ndoo na mafagio. Kila asubuhi baada ya sala tulisaini daftari la usalama, na mkuu wa maabara, mwanamume wa shahada tatu, alilifunga taratibu kama anafunga ibada.

Lakini kichekesho chenyewe kilikuwa feni. Asidi ilichemshwa ndani ya kabati la kioo, na juu yake feni ilivuta mvuke kupitia bomba. Ikifika Juni, baridi ikianza kukata masikio, feni ilizimwa. Eti inamaliza joto la chumba. Madirisha yalifungwa, likaletwa jiko la mkaa. Jiko la mkaa, hatua chache kutoka kwenye chupa za spiriti! Watu wazima wenye vyeti walinyoosha viganja juu ya makaa huku mvuke wa kahawia ukielea juu ya vichwa vyao.

Siku moja niliiwasha feni, nikasimama mbele ya swichi.

"Dada msomi, tutaganda humu," mkuu alisema.

"Vaa sweta, bosi."

"Nimevaa mbili!"

"Ongeza ya tatu. Mama anamaliza mapafu, nyie mnalilia joto."

Wenzetu wakacheka. Mkuu akatoka akinung'unika kwamba watoto wa Makambako tumelelewa na stendi. Ni kweli nimekulia Makambako, na stendi ndiko nilikojifunza kutomwamini anayeniambia gari linaondoka sasa hivi.

Ndipo mama akauliza swali lake, akitazama bomba lilipopotelea kwenye dari.

"Unakwenda nje, mama. Kwani ungeenda wapi?"

"Nje wapi? Mbona nikizunguka nyumba silioni hilo bomba?"

"Mama, jamani. Feni inavuta, moshi unatoka. Mambo ya kidato cha pili hayo."

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Mimi niliyehoji sala, daftari na shahada za watu, sikutoka hata kuangalia paa. Badala yake nilimpangia utaratibu: aweke sampuli, awashe feni, kisha akakae chumba cha chai, mlango wa pili, mpaka zimalize kuchemka.

Alifuata. Feni ikanguruma msimu mzima wa baridi, na kikohozi kikazidi. Nikaamua kwamba anaizima nikiwa sipo. Nikamwambia hivyo mbele ya wenzake, kwa sauti ileile niliyomtumia mkuu.

"Sijaigusa, mwanangu," alisema.

Sikumwamini. Mwezi wa tisa aliacha kazi, akarudi Ilembula kulima, akiwa hawezi kupanda ngazi za ofisi bila kupumzika.

Miaka kadhaa baadaye nilipita pale nikakuta mafundi wanabomoa dari. Mmoja wao ndiye aliyelifunga lile bomba. Aliniambia kwamba siku ya kulifunga mkuu alikataza bati jipya lisitobolewe, mvua isije ikavuja, kwa hiyo bomba halikuwahi kufika nje. Lilipinda ndani ya dari, likaishia juu ya chumba cha chai.